UZI: Mwaka mkubwa wa Del Potro ni 2016, siyo 2009. Njooni tubishane

#1 SaaTisaUsiku

Wakuu, salaam. Jukwaa hili ukilifungua asubuhi ni Simba na Yanga, ukilifunga usiku ni Yanga na Simba. Leo naomba kona kidogo niongelee tenisi. Asiyeijua akae tu, maswali yanaruhusiwa.

Namzungumzia Juan Martín del Potro, Muajentina, mita 1.98 kwenda juu, kazaliwa 23 Septemba 1988 Tandil. Tandil ni mji wa vilima ulio mbali na jiji la Buenos Aires, na sijui wanakunywa maji gani pale, maana Juan Mónaco, Mariano Zabaleta na Guillermo Pérez Roldán nao wametokea hapohapo. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo. Dogo kafundishwa na Marcelo Gómez kwenye klabu ya mtaani, Independiente ya Tandil (msichanganye na ile ya mpira ya Avellaneda), baadaye akachukuliwa na Franco Davín, kocha aliyekuwa ameshampa Gastón Gaudio taji la Roland Garros 2004, moja ya mashindano manne makubwa ya mwaka (mengine ni Australian Open, Wimbledon na US Open), ambayo tunayaita mataji makubwa.

Wengi tunamjua kwa usiku mmoja, fainali ya US Open 2009. Mvua ilivuruga ratiba, ikapigwa Jumatatu. Huku kwetu ilianza kama saa tano usiku, ikaisha saa tisa na dakika zake, na jina langu la humu mnaliona lilikotoka. Jana yake Delpo (ndivyo tunavyomwita kwa kifupi) alikuwa amemchapa Rafael Nadal wa Hispania 6-2, 6-2, 6-2, kama anamfundisha. Roger Federer wa Uswisi naye alikuwa amelibeba taji hilo miaka mitano mfululizo. Akachukua seti ya kwanza 6-3, akafika 5-4 kwenye ya pili huku servisi (mpigo wa kuanzisha pointi) ikiwa mkononi mwake. Hapo nikasema nilale. Sikulala. 3-6, 7-6, 4-6, 7-6, 6-2, Delpo kalala chali sakafuni analia. Hajafikisha hata miaka 21.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Kuanzia Roland Garros 2005 mpaka US Open 2013 yalichezwa mataji makubwa 35 ya wanaume. Yote yalikwenda kwa Federer, Nadal, Djokovic na Murray. Yote isipokuwa moja. Ni hilo.

Pamoja na hayo yote, mimi nasema mwaka wake mkubwa ni 2016, mwaka ambao hakushinda taji kubwa hata moja. Nawasilisha.

#2 kipanga_mweusi

Mkuu umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Taji kubwa ni taji kubwa. Mtu kamfunga Nadal na Federer kwenye mashindano yaleyale, siku mbili zinazofuatana, na hapo kabla hakuna aliyewahi kuwafunga wote wawili kwenye taji kubwa moja. Halafu uniambie kuna mwaka mwingine? 2016 alishinda nini, mashindano madogo ya Stockholm?

#3 SaaTisaUsiku

Ndiyo, Stockholm, na usiidharau. Ngoja nikueleze alikotoka mpaka kufika Stockholm.

Januari 2010 yuko wa nne duniani. Mwaka huohuo kifundo cha mkono wa kulia kinakataa, Mei anapigwa kisu cha daktari Marekani, na msimu wote unakwisha. Mwanzoni mwa 2011 ameporomoka mpaka chini ya nafasi ya 400. Akapanda tena, mwaka ukaisha yuko wa 11. Olimpiki ya London 2012 akapoteza nusu fainali kwa Federer, seti ya tatu 19-17, saa nne na dakika 26 kwa mechi ya seti tatu! Siku mbili baadaye akamfunga Djokovic, akachukua medali ya shaba. Wimbledon 2013 nusu fainali na Djokovic tena, seti tano, saa nne na dakika 43, kapoteza.

Yaani alikuwa amesharudi. Ndipo mkono wa pili nao ukaanza.

Kifundo cha kushoto kilifanyiwa operesheni mara tatu: Machi 2014, Januari 2015, Juni 2015. Kati ya operesheni anajaribu kucheza mechi mbili tatu, anarudi kitandani. Februari 2016 anaingia mashindano ya Delray Beach, Marekani, akiwa zaidi ya nafasi ya 1,000 duniani. Kipanga, jamaa wa nafasi ya 1,000 huwezi kumwona kwenye televisheni, unamkuta analipa nauli mwenyewe.

#4 mwokota_mipira

Naomba niingie hapa maana hili la mkono nalijua kwa mwili wangu.

Mimi nilikuwa mwokota mipira kwenye klabu moja hapa mjini, nikajifunza kwa kuangalia wenyewe wakicheza. Raketi yangu ya kwanza ilikuwa ya kutupwa, nyuzi mbili zimekatika katikati. Nilipoumia kifundo cha kushoto niliambiwa na mwalimu wa pale nifunge bandeji nikaendelee. Nikafunga, nikaendelea, na mpaka leo siwezi kufungua chupa ya maji kwa mkono huo bila kukunja uso.

Watu wanashangaa, mtu anatumia mkono wa kulia, kuumia kushoto kuna shida gani? Iko hivi. Kwa mtu wa kulia, bekihendi (pigo la upande usio wa mkono wa raketi) ya mikono miwili ni fohendi (pigo la upande wa mkono wenyewe) ya mkono wa kushoto. Wa kulia uko pale kushika mpini na kuelekeza, anayesukuma ni wa kushoto. Si mmeona mama akisonga ugali wa msibani kwenye sufuria kubwa? Mkono mmoja unaongoza mwiko, mwingine ndio unaokandamiza. Ule unaokandamiza ukiuma, mtakula madonge.

Delpo wa 2016 tazameni mechi zake. Mpira ukija upande wa kushoto anaukata kwa mkono mmoja, unakwenda taratibu, chini chini. Zamani mpira huohuo alikuwa anauvunja. Wapinzani wote walilijua hilo. Kila mtu aliingia uwanjani na mpango mmoja tu: mpelekee kushoto, mpelekee kushoto, mpelekee kushoto. Na bado akawafunga.

#5 SaaTisaUsiku

Mwokota, asante sana. Hicho ndicho nilitaka kusema nikakosa maneno. 2009 alicheza na silaha zote. 2016 alicheza na nusu.

#6 kipanga_mweusi

Pole kwa mkono, mwokota. Lakini tunahukumu kazi au tunagawa huruma?

#7 dada_wa_Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Kipanga, huruma iweke kando, hebu twende Rio.

Olimpiki, Agosti 2016. Delpo yuko nafasi ya 141. Raundi ya kwanza anapangiwa nani? Djokovic, namba moja wa dunia. Siku yenyewe ya mechi, kwenye kijiji cha wanamichezo, lifti ikamkwamia ndani dakika 40, yuko peke yake. Waliokuja kumtoa ni vijana wa timu ya mpira wa mikono ya Argentina. Mtu unatoka hapo, jasho limekukauka, unaenda kumkuta Djokovic.

Kamfunga 7-6, 7-6. Djokovic katoka uwanjani analia, na Delpo analia, sijui nani alikuwa anambembeleza nani pale wavuni. Nusu fainali akamtoa Nadal 7-6 seti ya tatu. Fainali Murray akamshinda kwa seti nne, saa nne nzima, Delpo akabaki na medali ya fedha. Wiki moja, kwa bekihendi ya kukata.

Mimi mechi ya Djokovic niliiona kwa simu ya binamu yangu, chaji asilimia tisa. Iliisha na simu ikazima. Sikupata kuona wakikumbatiana mpaka kesho yake.

#8 mgeni_mwema

Samahanini wakuu, mimi ni wa mpira. Hii Davis Cup ninayoisikia kwingine mkiongelea tenisi ndiyo nini?

#9 SaaTisaUsiku

Ni kama kombe la dunia la mataifa kwa tenisi ya wanaume. Wakati ule, nchi mbili zikikutana ilikuwa siku tatu: Ijumaa mechi mbili za mtu mmojammoja, Jumamosi ya wawiliwawili, Jumapili mbili tena za mmojammoja. Anayefika tatu kashinda. Argentina walikuwa wamefika fainali mara nne, 1981, 2006, 2008 na 2011, na kote wakafungwa.

#10 MzeeWaChangarawe

Umeitaja 2008 ukapita haraka, kijana. Mimi ni mpenzi wa David Nalbandian, Muajentina mwenzake Delpo, na sijasahau.

Ile fainali ilikuwa nyumbani kwao, Mar del Plata, na Hispania ilikuja bila Nadal. Bila Nadal! Kombe lilikuwa mezani. Nalbandian akashinda mechi yake ya kwanza bila jasho. Huyo Delpo wako alikuwa ametoka Shanghai kwenye mashindano ya kufunga mwaka, kachoka, akafungwa na Feliciano López, akaumia paja, Jumapili hakuonekana. Chumba cha kubadilishia nguo kikawa hakikaliki. 2011 kule Sevilla akapoteza mechi zote mbili za mmojammoja, kwa Ferrer na kwa Nadal. Halafu kuna miaka aliacha kabisa kuichezea timu ya taifa.

Msinipakie mtu asali mwili mzima. Kwa Waajentina wengi kipindi kile alikuwa mtoto anayejali mechi zake tu.

#11 SaaTisaUsiku

Mzee wangu, shikamoo. Sikulikwepa, nilikuwa nakuja huko, na ndiyo sababu yangu kubwa kuliko ya Rio.

Sevilla nakubali ukweli wote, ila Ferrer alihitaji seti tano. Ya 2008 naona umemwonea kidogo, alikuwa na miaka 20. Lakini deni lilikuwepo, na yeye mwenyewe alilijua.

Mwaka 2016 Argentina, chini ya nahodha Daniel Orsanic, hawakucheza nyumbani hata mara moja. Poland ugenini, Italia ugenini, Uingereza ugenini, Kroatia ugenini. Delpo aliingia safari ya Italia, tena kwenye mechi ya wawili tu. Septemba wakaenda Glasgow, kwa mabingwa watetezi, na mechi ya kwanza ikawa yeye na Andy Murray, yuleyule aliyemnyima dhahabu mwezi uliotangulia. Saa tano na dakika saba. Delpo kashinda seti ya tano 6-4. Jumapili Muajentina mwenzake, Leonardo Mayer, akamaliza kazi.

Fainali Zagreb, Novemba. Hapa nipeni nafasi.

Ijumaa Marin Čilić wa Kroatia anamfunga Federico Delbonis wa Argentina kwa seti tano, Delpo anamfunga Ivo Karlović, Mkroatia mwingine. Jumamosi Delpo na Mayer wanapoteza ya wawili. Jumapili Argentina iko nyuma 2-1, na Delpo anaingia na Čilić akijua akifungwa biashara imekwisha, fainali ya tano imekwenda na maji. Maradona yuko jukwaani na jezi yake, anapiga kelele kama yuko Bombonera, uwanja wa Boca Juniors.

Seti ya kwanza kapoteza 7-6. Ya pili kapoteza 6-2. Mwili umekwisha, ana mechi za siku tatu mfululizo miguuni, kila mpira unapelekwa kushoto kama alivyosema mwokota. Kwenye maisha yake yote ya tenisi mpaka siku hiyo hakuwahi kurudi kutoka seti mbili chini akashinda. Ya tatu 7-5. Ya nne 6-4. Katikati ya purukushani hizo kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikavunjika. Mkono uleule! Ya tano, Čilić kamvunja servisi kwanza (yaani kashinda gemu ambayo Delpo ndiye aliyekuwa akianzisha), Delpo karudisha, kisha kamvunja tena. 6-3. Saa nne na dakika 53.

Nilikuwa nimesimama sebuleni nimeshika rimoti kama raketi.

Halafu Delbonis, ambaye hakuna aliyekuwa anamwangalia, akaingia kumalizana na Karlović, jitu lenye servisi ya kutisha, akampiga seti tatu kavu. Argentina bingwa kwa mara ya kwanza.

Mzee, deni la Mar del Plata lililipwa pale, na riba.

#12 MzeeWaChangarawe

Marahaba. Nimesoma mara mbili. Zagreb nakubali. Mar del Plata bado inaniuma.

#13 kipanga_mweusi

Nyie mnaandika vizuri ila mnakimbia swali. Akiwekwa kwenye mizani ya Amerika Kusini anakaa wapi? Guillermo Vilas wa Argentina ana mataji makubwa manne na mataji 62 jumla. Guga Kuerten wa Brazil ana Roland Garros tatu na alimaliza mwaka 2000 akiwa namba moja. Hata Marcelo Ríos wa Chile alifika namba moja, ingawa hakushinda taji kubwa. Delpo mataji 22, kubwa moja, hakuvuka nafasi ya tatu. Namba hazidanganyi.

#14 dada_wa_Nyali

Kipanga mwanangu, na wewe umehesabu wanaume watupu. Maria Esther Bueno wa Brazil alishinda mataji makubwa saba ya mmojammoja, Wimbledon mara tatu na Marekani mara nne, kati ya 1959 na 1966. Ukitaka mizani, anza naye, halafu hao kina Vilas wapange foleni nyuma.

#15 kipanga_mweusi

🙌 Hapo nimepigwa esi (servisi isiyoguswa na mpinzani).

#16 mwokota_mipira

Kwa kuwa tunaongelea esi. US Open 2017, raundi ya nne, na Dominic Thiem. Delpo anaumwa, anatetemeka, kapoteza seti mbili za kwanza 6-1, 6-2. Kila mtu anasubiri anyanyue mkono aache mechi. Mashabiki wake wakaanza kuimba, zile nyimbo za mpira, olé olé olé, mpaka uwanja ukawa kama wa watani wa jadi. Kwenye seti ya nne Thiem akapata pointi mbili za kumaliza mechi. Delpo kapiga esi. Kapiga esi nyingine. Kashinda seti tano, na raundi iliyofuata kamtoa Federer.

Naipenda hiyo kwa sababu ya kiufundi. Mtu mgonjwa hawezi kukimbia, kwa hiyo anachagua mipira michache ya kupiga na anaipiga yote aliyo nayo. Fohendi yake haikuwa na mzunguko mwingi, ilikwenda bapa, inapita karibu na wavu. Bapa maana yake ina kasi na haina msamaha, ukikosea kidogo inagonga wavu. Kwa urefu ule anauona uwanja kutoka juu, ndiyo maana aliweza.

#17 mgeni_mwema

Wakuu mmenifanya nikatafute video. Huyu ndiye aliyevuka wavu kwenda kumkumbatia mwenzie aliyelala chini kwenye nyasi?

#18 SaaTisaUsiku

Hapana mgeni, uliyemwona chini ndiye Delpo. Ni Wimbledon 2018, robo fainali. Nadal kashinda seti ya tano, Delpo kateleza kwenye pointi ya mwisho akabaki amelala kifudifudi, na Nadal ndiye aliyevuka kumfuata. Ila tabia hiyo Delpo naye alikuwa nayo. Roland Garros 2017 Nicolás Almagro goti lilimkataa katikati ya mechi, akaanguka analia. Delpo alikwenda upande wake, akakaa naye kwenye benchi, akawa anamsemesha mpaka akatulia. Alikuwa anajua maumivu hayo yanasemeshwaje.

2018 ndio mwaka aliorudi kileleni. Indian Wells akamfunga Federer fainali, baada ya Federer kupata pointi tatu za kumaliza mechi. Agosti akafika wa tatu duniani, nafasi ya juu kabisa maishani mwake, miaka tisa baada ya taji lile. Fainali ya US Open akafungwa na Djokovic.

Mwezi uliofuata, Shanghai, kaanguka kwenye mechi na Borna Ćorić. Pia ya goti la kulia imepasuka. Juni 2019 karudi London, mashindano ya Queen's, kamfunga Shapovalov, ila kwenye mechi hiyohiyo kateleza karibu na wavu na pia ileile imepasuka tena. Hakucheza tena mpaka 2022.

#19 dada_wa_Nyali

Na ile video yake ya Novemba 2024 mmeiona? Anaeleza kupanda ngazi kunavyomtesa, vidonge vya kila asubuhi, operesheni juu ya operesheni. Mimi sikuimaliza. Siku chache baadaye alicheza mechi ya kuaga na Djokovic, Buenos Aires, Djokovic kasafiri kwa ajili yake. Wakacheza kirafiki, wakacheka, Delpo akashinda.

#20 mwokota_mipira

Hiyo ilikuwa ya maonyesho. Mechi yake rasmi ya mwisho ilikuwa lini? Na alicheza na nani?

#21 SaaTisaUsiku

8 Februari 2022, Buenos Aires, udongo mwekundu, raundi ya kwanza. Alitangaza siku chache kabla kwamba pengine anaaga. Uwanja ulijaa, hakuna aliyekuja kuona nani atashinda. Alikimbia kwa mguu mmoja na nusu. 6-1, 6-3. Gemu ya mwisho anafuta machozi kati ya pointi na pointi, watu wanaimba jina lake. Walipomaliza kukumbatiana na mpinzani wake, alivua kile kitambaa chake cha kichwani, akakitundika kwenye wavu, akakiacha pale.

Mpinzani alikuwa Delbonis.

#22 mwokota_mipira

Delbonis yupi? Wa Zagreb?

#23 SaaTisaUsiku

Huyohuyo. Mtoto wa Azul, mji jirani na Tandil.